Ukipakia Kisenyi, Pakia Kama Mpagazi

Kisenyi, hapa Kampala, hakuna asiyeijua posho. Mashine za mahindi hunguruma tangu alfajiri, vumbi la unga hutua kwenye kope za vijana wanaobeba magunia, na mchana kila kibanda cha chakula kinakuuliza swali lilelile: posho au wali? Kwa Kampala posho ni ugali. Kwa mtu wa msafara wa karne ya 19 posho ilikuwa mgao: chakula cha siku moja ambacho mwenye mali alimpa mpagazi, aghalabu kibaba kimoja cha nafaka, yaani kama robo tatu ya kilo. Neno limetembea kutoka pwani hadi kwenye sahani ya Kisenyi, lakini waliotembea nalo hatuwakumbuki hata majina.

Hatua chache kutoka kwenye mashine hizo ndipo mabasi yanapopakia. Nawaandikia wanaoanzia hapo, au stendi yoyote ya jirani, wakienda mahali ambapo lami inaisha kabla ya safari: Karamoja, miteremko ya Rwenzori, upande wa Ituri, vijiji vya ndani kupita Elegu. Mbinu zilizomo humu nyingi si zangu. Nimezichota kwenye vitabu vya Wazungu waliopita huku, ila nimevisoma kinyumenyume. Burton, Speke na Stanley wamejaza kurasa kwa malalamiko juu ya wapagazi: leo wamegoma kuondoka, leo wameshinda wakisaga mtama, leo wamekataa njia ya mkato. Ukiyachukua malalamiko hayo moja moja na kujiuliza yule mpagazi alikuwa anajua nini, unapata kitabu kizuri cha safari ambacho hakuna aliyekiandika.

Na watu wa misafara hawakuwa wabebaji tu. Mara nyingi walikuwa wa kwanza kufika. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, alikuwa kwenye baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, miaka 18 kabla ya Speke kutia mguu Buganda. Habari za ziwa kubwa la kaskazini Burton na Speke walipewa na Snay bin Amir, wakiwa wamekaa barazani kwake Kazeh, Tabora ya leo. Kisha kuna Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akaachwa huru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Alikuwa na Speke alipoliona Ziwa Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa naye pale maji ya Nile yanapotoka ziwani Julai 1862, alimwongozea Stanley msafara wa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Mwingereza Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Kutoka Kisenyi hadi Speke Road ni mwendo wa mguu tu, na hoteli ya Speke ipo hapohapo. Barabara ya Bombay mimi bado naitafuta.

Nisiwapambe pia. Misafara mingi ilifuata pembe na watumwa, na wapagazi wengine walikuwa watumwa wenyewe. Lakini ujuzi wa njia walikuwa nao, na ndio ninaoutaka hapa.

Mzigo kwanza

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba ratili 60 hadi 70, kati ya kilo 27 na 32, begani. Mtu wa pwani alipendelea kichwani. Vitu vizito visivyogawanyika vilitiwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, mzegazega. Hizo kilo 30 zisikudanganye. Aliyezibeba alianza kubeba akiwa kijana mdogo. Wewe uliyezoea kubeba simu, usizidishe sehemu moja kwa tano ya uzito wako: mtu wa kilo 70 abebe 14, na humo yahesabiwe maji.

Mbinu ya kupima ni rahisi na haina gharama. Funga begi lako siku mbili kabla, livae, toka Kisenyi upande Mengo hadi karibu na lango la Lubiri, urudi kwa miguu. Ukifika nyumbani fungua, utoe vitu vitatu. Utavijua bila kuambiwa, maana ndivyo ulivyokuwa unavilaani njiani.

Angalia namna walivyofunga. Nguo ya merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka viwandani Marekani, haikutiwa tu kwenye gunia. Ilikunjwa, ikabanwa, ikapigwa mpaka ikawa ngumu kama gogo, ikafungwa kwa mkeka na kamba, ikawa ndefu kama mto wa kulalia. Kwa nini ndefu na ngumu? Mzigo unaocheza ndani humchosha mbebaji kuliko uzito wenyewe. Kwa hiyo kila kitu ndani ya begi lako kibanane. Kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, na si chini kabisa kama tunavyozoea. Nguo zikunjwe kwa kuviringisha. Kila fungu litiwe kwenye kavera nene na kufungwa, hata kama ni kiangazi. Mimi niliwahi kuweka begi juu ya keria ya basi moja Januari, kukiwa kukavu, kondakta akaniapia kwamba turubali lipo. Turubali lilikuwapo kweli, limekunjwa vizuri chini ya kiti chake. Mvua ilitukuta mbele ya Mubende.

Tena usitie vitu vya aina moja mahali pamoja. Januari 1867 wapagazi wawili walimtoroka Livingstone, na mzigo waliokwenda nao ulikuwa na sanduku la dawa zake zote. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo, na miaka sita iliyobaki ya maisha yake ilikuwa ya homa na kuhara damu. Dawa gawa mara mbili: nusu begini, nusu mwilini. Pesa gawa mara tatu. Namba za simu ziandike kwenye karatasi, maana simu yenyewe ndiyo ya kwanza kuibwa na ya kwanza kuishiwa moto.

Kama unataka kujua kufunga mzigo ni elimu, wafikirie Abdullah Susi na James Chuma. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, wao na wenzao waliamua kuurudisha mwili pwani. Moyo waliuzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, wakauingiza ndani ya gamba la mti na kuushonea turubai. Njiani wakasikia kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite. Wakafanya hila: wakaviringisha mabua ya mtama kwa sura ya maiti, wakatuma watu warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika, na mwili wenyewe wakaufunga upya, mfupi, kwa umbo la mtumba wa kawaida wa nguo. Ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Katika habari zote za safari za karne ile, mimi sijasoma kazi ya mikono iliyonistaajabisha kuliko hii.

Miguu

James Grant, mwenzake Speke, alikuwa askari mwenye afya. Walipokuwa Karagwe mguu wake ukavimba na kutunga usaha. Januari 1862 Speke akamwacha akaendelea Buganda, na Grant hakumfikia mpaka mwishoni mwa Mei, sehemu ya njia akibebwa kwenye machela. Zaidi ya miezi minne kwa sababu ya mguu mmoja.

Huku kwetu jeraha dogo ndilo linalomaliza safari. Ukijikwaruza, osha palepale kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa bendeji. Jioni fungua, osha tena. Lengelenge usilichune ngozi. Likiwa kubwa na linauma, litoboe pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, kamua maji, acha ngozi iwe kifuniko. Ukiona wekundu unapanda kutoka kwenye kidonda, au tezi za kinenani zinauma na homa inaingia, safari imekwisha: tafuta zahanati siku hiyohiyo. Na chanjo ya pepopunda uipate kabla ya kuondoka.

Viatu vipya usivianzie safari. Vivae wiki mbili mjini, ukipanda na kushuka ngazi. Kwa kambini nunua lugabire, ndara zile za tairi, huko Owino au kwa fundi yeyote wa jirani. Zinakauka haraka, mwiba haupiti, na zikikatika zinashonwa na mtu yeyote mwenye uzi wa katani. Usitembee peku kuzunguka vibanda na mazizi, kwa sababu ya funza. Mdudu huyu ni mgeni kwetu: aliletwa na meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alishavuka bara zima kwa kufuata nyayo za misafara.

Posho yako

Hapa Kisenyi inakufaa kuliko duka lolote lenye kiyoyozi. Hesabu kama mwenye msafara: nusu kilo hadi robo tatu ya kilo ya chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku tatu za kutembea, kilo nne na nusu zinatosha na kubaki. Unga uchukue wa namba moja. Najua lishe yake ni ndogo kuliko ule usiokobolewa, lakini kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wenye kiini huchacha haraka kwenye joto. Ongeza karanga zilizokaangwa, simsim, na mukene waliokaushwa vizuri, wale wanaoitwa dagaa upande wa pili wa ziwa. Maharage yaache nyumbani, yanakula kuni na muda. Chukua malimau. Cameron alivuka bara zima akafika karibu na Atlantiki akiwa anakufa kwa kiseyeye, ugonjwa ambao kikapu cha machungwa kingeuzuia.

Usile usichokijua, na unachokijua usikile kabla hakijatayarishwa. Mwaka 1887 Stanley alipita msitu wa Ituri na watu waliochukuliwa Zanzibar, akaacha kikosi cha nyuma Yambuya, kando ya mto Aruwimi. Watu wa kikosi hicho waliishi kwa mihogo. Ilikuwa mihogo michungu, nao wakiwa na njaa na kazi nyingi waliila bila kuiloweka na kuianika inavyotakiwa. Sumu yake, pamoja na njaa na viboko, iliwamaliza kwa makumi. Wenyeji waliokula mihogo hiyohiyo walikuwa wazima, kwa sababu walijua inalowekwa siku ngapi. Ukifika mahali, muulize mama wa nyumba anakipikaje chakula chake, kisha ufuate bila ubishi.

Maji, na maana ya tirikeza

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo Wazungu waliyoilalamikia zaidi.

Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua la mchana. Lakini kulikuwa na nyika zisizo na maji, kama Marenga Mkali na Mgunda Mkali, mashariki na magharibi ya Ugogo, ambazo hazikuvukika asubuhi moja. Hapo wapagazi walifanya walichokiita tirikeza. Walikaa kambini penye maji mpaka adhuhuri. Walipika, wakala, wakanywa mpaka wakashiba, wakajaza vibuyu, ndipo wakaondoka jua likianza kuinama. Walitembea mpaka usiku, wakalala pakavu, wakaamka na nyota na kufika penye maji asubuhi kabla ya joto. Tazama hesabu yake: mwendo mrefu wa kiu umekatwa vipande viwili, na kati ya maji na maji hakuna hata adhuhuri moja kamili iliyopita juu ya vichwa vyao. Burton aliiona kama adhabu. Mimi naiona kama hesabu safi.

Itumie Karamoja au popote penye nyika. Uliza kisima cha mbele kiko wapi na kama bado kina maji mwezi huu. Muulize mchungaji, maana ramani haijui visima vilivyokauka. Kama ni mbali kuliko mwendo wa asubuhi, shinda ulipo, kunywa, ondoka saa tisa mchana. Mtu anayetembea juani anahitaji lita nne kwa siku, na lita nne ni kilo nne, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya begi. Jerikeni za lita tano zenye mkono zinapatikana Kisenyi kila kona. Chagua iliyokuwa ya mafuta ya kula, kamwe usichukue iliyowahi kubeba dawa ya mimea, hata ukiambiwa imeoshwa mara kumi.

Maji ya kisima au mto yachemshe. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Ukiwa juu mlimani kupita mita 2,000, ngoja dakika tatu. Ukiharisha, usisubiri duka la dawa: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo pima kwa kijiko na si kwa kiganja.

Mdudu sikioni, na homa

Speke, akiwa Ziwa Tanganyika mwaka 1858, aliingiwa na mende mdogo sikioni usiku. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia, akashindwa kuvumilia, akachokoa kwa ncha ya kisu. Mdudu alikufa, sikio likatunga usaha, uso ukavimba, na tangu hapo sikio hilo halikusikia vizuri. Kwa hiyo: lala ubavu, sikio lenye mdudu juu, mwenzako akutilie mafuta ya kula ya vuguvugu mpaka sikio lijae, ukae hivyo dakika kadhaa bila kutikisika mpaka mdudu afe. Kama sikio linatoka damu au usaha, usitie kitu. Usichokoe kwa njiti, wala pini, wala ufunguo. Asipotoka, mhudumu wa afya ana kifaa chake.

Malaria sitairefusha kwa sababu kila msomaji wa Kampala anajiona daktari wake. Neno moja: chandarua kiwe juu kabisa ndani ya begi, na homa ikija upimwe siku hiyohiyo kabla ya kumeza chochote. Anayetoka sehemu za baridi kama Kigezi asijilinganishe na mtu wa kando ya ziwa.

Ulimi wa Bombay

Sasa Bombay tena. Mbele ya Kabaka Mutesa, mwaka 1862, Speke hakuwa na Kiganda, na Kiswahili chake hakikutosha. Lugha waliyoelewana na Bombay ilikuwa Kihindustani, ambacho Bombay alikipata utumwani India na Speke jeshini. Maneno ya Speke yalitoka kwa Kihindustani, Bombay akayageuza Kiswahili, mkalimani mwingine akayapeleka kwa Kiganda. Jibu likarudi njia hiyohiyo. Historia nzima ya mkutano ule tunaipata kupitia mdomo wa mtu ambaye Speke mwenyewe alimpiga ngumi. Stanley alipomwona miaka tisa baadaye aliandika kwamba pengo la meno yake ya mbele lilitokana na ngumi hiyo.

Mbinu: ukisema kupitia mtu wa tatu, sema sentensi fupi, moja moja, na umtazame unayesema naye, usimtazame mkalimani. Usitanie, utani hauvuki lugha mbili. Swali la njia usiliulize kwa namna ya kujibiwa "ndiyo". Ukiuliza "Kuna maji mbele?" utajibiwa ndiyo kwa heshima tu. Uliza "Maji ya karibu yako wapi, na jana nani alikwenda kuteka?"

Kiswahili chetu kina sifa mbili Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi, lakini masikioni mwa wazee wengi bado ni lugha ya askari wa zamani, iliyokuja na amri na bunduki. Usianze nacho. Anza na salamu ya wenyeji, kisha Kiswahili kifuate kwa upole. Buganda ni "Oli otya, ssebo" au "nnyabo", na usiruke habari za nyumbani. Teso ni "Yoga". Karamoja ni "Ejoka". Tooro usisalimie kabla hujauliza empaako ya mtu, lile jina la heshima. Na ukipewa yako, Amooti au Akiiki, ishike, ndiyo utakayoitwa mpaka uondoke. Kisenyi yenyewe ni shule nzuri ya mazoezi. Ukitoka kwenye duka la nguo la Msomali hadi kwa fundi wa Kiganda hadi kwa dereva wa Kikongo, umesalimia mara tatu kwa ndimi tatu, na hujavuka barabara.

Hongo

Zamani hongo ilikuwa nguo na shanga ambazo mtemi alilipwa ili msafara upite salama na unywe maji yake. Ilikuwa kodi, na ilikuwa na bei inayojulikana, ingawa wasafiri waliilalamikia. Leo neno limebaki na maana chafu tu. Mbinu ya kutoitoa ni karatasi. Uganda, Kenya na Rwanda zimekubali kitambulisho cha taifa mipakani tangu 2014. Kwingine chukua pasipoti au hati ya muda. Kadi ya homa ya manjano iwe halisi. Chanjo moja ni ya maisha, na tangu 2016 huo ndio utaratibu wa kimataifa, hata ofisa akikuambia imekwisha muda. Beba nakala mbili. Pesa za nauli ziwe mfuko mmoja, chenji ndogondogo mfuko mwingine, ili usifungue fungu lote mbele ya macho ya watu.

Anayekubebea

Misafara ilikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita, na aliyempita alitozwa faini. Kwenye njia usiyoijua fuata sheria hiyo kwa ukali. Kiongozi wa njia akisema mto haupitiki leo, haupitiki, hata kama basi lako linaondoka kesho.

Malipo kubaliana mbele ya shahidi, kabla ya kuinua begi: kiasi, siku, nani analipa chakula, nani analipa siku ya kurudi. Hili la siku ya kurudi ndilo linaloleta ugomvi, kwa sababu mgeni huhesabu safari yake inapoishia, na mbebaji huhesabu mpaka mlangoni kwake. Toa posho kila jioni, usiilimbikize. Wapagazi waliotoroka sana ni wale waliocheleweshewa chakula au kupigwa, na hilo linaonekana wazi hata katika vitabu vya waliowapiga. Uzito upimwe mbele yao. Kilimanjaro sheria ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi. Huko Rwenzori, ambako Wakonzo ndio wabebaji na viongozi tangu siku za Duki wa Abruzzi, mpanda milima wa Kiitaliano aliyefika kileleni mwaka 1906, uliza kiwango kinachotumika kwenye njia yako kabla ya kulipa, na ukague kama mbebaji wako ana koti na mahali pa kulala. Kule juu kuna barafu. Mtu hawezi kuifikia kwa kandambili na fulana huku wewe umevaa tabaka nne.

Daftari

Waswahili waliosafiri waliandika pia. Selim bin Abakari alikwenda na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika kwa Kiswahili alichokiona. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1901 pamoja na ya wenzake katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Tippu Tip aliacha habari za maisha yake mwenyewe. Jacob Wainwright, aliyechonga jina la Livingstone kwenye mti kule Chitambo, alikuwa na shajara, na alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Lakini hao ni wachache mno.

Wewe nunua daftari dogo lenye jalada gumu, la kuingia mfuko wa shati. Kila jioni andika mistari mitano: mahali, saa ya kufika, maji yalikuwa wapi, ulilipa nini, na majina kamili ya waliokusaidia, uwe umewauliza wao wenyewe yanavyoandikwa. Kama "Bombay" angeulizwa na mtu kwa wakati, huenda leo tungejua jina alilopewa na mama yake huko Uyaoni.

Na uandike kwa penseli. Karatasi na wino vilipomwishia Livingstone kule Manyema mwaka 1871, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya mmea. Maandishi yalipauka kiasi kwamba ilibidi wataalamu wa karne hii watumie mwanga maalumu kuyasoma. Kalamu ya wino huvuja kwenye joto na hutapakaa begi likilowa. Penseli haitapakai, na ukiivunja unaichonga kwa kisu.